Jina la Kwanza Katika Daftari la Mahudhurio

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuita majina, Mzee Idarusi Massoud, karani wa mahudhurio na machapisho katika chuo chetu cha wasaidizi wa meno hapa Tanga, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 1995. Alianza kazi Julai 1972, kijana wa Pangani mwenye baiskeli na mwandiko mzuri.

Kila asubuhi kabla ya mhadhara huanza na jina lake mwenyewe. Huliita, kisha hujijibu, "Nipo!" Wanafunzi wapya hucheka. Yeye husema karani asiyejihesabu hana haki ya kumhesabu mtu. Asiyeitika huandikiwa kwa wino mwekundu na kutangazwa kwa sauti inayofika mpaka kliniki: "Hayupo!" Ndiyo maana akigeuka tunamwita Mzee Hayupo. Tulidhani hajui. Anajua.

Miaka ile ya foleni za sabuni na sukari, karatasi nazo zilikuwa hazionekani. Mzee Idarusi alipanda baiskeli hadi mashamba ya mkonge, akaomba fomu kuukuu, akarudufu masomo upande wa nyuma. Mbele hesabu ya marobota, yale matita ya mkonge uliofungwa, nyuma mchoro wa gego. Uweso, mwanafunzi wa wakati huo ambaye leo ni fundi wa meno wa kuheshimika kliniki ya Muheza, alisoma pande zote mbili kwa bidii, akaandika katika mtihani kwamba gego la juu lina marobota matatu, badala ya mizizi mitatu. Mwalimu akampa sifuri. Mzee akamtetea: "Idadi kaipata, mpe japo nusu!"

Kisha bidhaa zikarudi madukani, na fotokopi ikaingia mjini. Mmoja anahudhuria, wenzake wanatoa nakala ya karatasi zake, wengine wako Horohoro mpakani wanafuata biashara. Siku moja mwaka 1992 waliitika tisa kati ya arobaini. Mzee hakugomba. Aliwaomba walimu ruhusa, akaanza kuchapa michoro isiyo na majina: mishale ipo, maneno hakuna. Maneno yalitolewa darasani tu. Waliokimbilia fotokopi wakapata nakala ya nafasi tupu. Wiki ya pili viti vilijaa.

Nafasi hizo tupu ndizo zilizonitia hofu mimi. Mwaka 1993, nikiwa mwanafunzi hapa, nilijifungua mwanangu Tuhfa katikati ya muhula, na kwetu mzazi hatoki mpaka arobaini itimie. Mimi niliishia darasa la saba, nafasi ile ya chuo niliipata kwa shida. Na sheria ya chuo ni moja: asiyefikisha robo tatu ya mihadhara hafanyi mtihani. Nikihesabu siku, naona nimekwisha.

Ijumaa ya kwanza baada ya sala, kengele ya baiskeli ikalia mlangoni. Mzee alikaa barazani, mimi ndani nyuma ya pazia. Akasoma yote yaliyofundishwa wiki ile, nami nikajaza majina kwenye michoro. Tuhfa akilia, Mzee alisubiri mpaka mtoto anyonye. Mama mkwe wangu, Bi Mwatima, akamchokoza: "Mzee, umekuja kumtazama mtoto au meno? Huyu hana hata moja!" Akajibu, "Ndiyo maana nimewahi, Bi Mwatima."

Alikuja Ijumaa tano. Daftarini hakunidanganyia, siku zangu zote ni nyekundu hadi leo. Alichofanya ni kuzibandika karatasi zangu nyuma ya daftari, akalipeleka kwa mkuu wa chuo, Bi Sabiha, akaomba niulizwe kwa mdomo. Niliulizwa saa nzima, huku nje ya mlango Mzee kampakata Tuhfa. Bi Sabiha aliposema mtihani nitafanya, nilikaa pale pale sakafuni. Mzee akanirudishia mwanangu na kuniarifu kwamba kalowa.

Nilifaulu. Sasa niko kliniki ya chuo, na daftari nimekabidhiwa mimi.

Mzee wetu, shikamoo, na ahsante kwa yote. Nenda Pangani kwenye minazi yako, wajukuu wakuchoshe wao, Mungu akupe afya na akulindie meno uliyobaki nayo. Jumatatu nitafungua daftari na kuanza na jina lako, kama desturi. Tutasubiri kidogo. Halafu nitachukua wino mwekundu, na darasa zima litapaza sauti ikufikie huko uliko: Hayupo! Na safari hii hakuna atakayekuuliza sababu.

Najat Rahimu, Kliniki ya Chuo