Usukani Uliopinda na Ng'ombe wa Mke Wangu

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa maziwa, mnanitania kwamba mkono huu haushiki kikombe sawasawa. Leo nawaeleza ulivyofika hapa.

Nilipokwenda kuchukua baiskeli ya umeme ya kupelekea maziwa Soga, dukani zilikuwepo mbili. Moja usukani umenyooka, unakaa mgongo wima. Nyingine usukani umepinda chini kama pembe za kondoo dume, kama wa baiskeli za mashindano. Nilizikalia zote. Kwenye ya kwanza mwili ulitulia kabisa, nikasema hii ya wazee. Mke wangu akauliza, "Baba watoto, umeinama hivyo, na madumu nyuma, Soga utafika?" Nikamwambia yeye ajue ng'ombe, baiskeli aniachie mimi, nikachukua hiyo iliyopinda.

Kila siku kutoka kwetu Mzenga uzito wangu ulilalia viganja. Masika yalipoanza, vidole viwili vya kila mkono vikafa ganzi. Sikusema. Mfugaji asiyeweza kukamua atamwambia nani?

Asubuhi nilikuwa nakamua mimi, jioni mke wangu. Nikawa nakamua nusu, maziwa yanabaki kiweleni. Ng'ombe ambaye mke wangu alipewa na mama yake akavimba kiwele, chuchu mbili zikafa. Nami, Mungu anisamehe, nikasema mbele ya dada zangu kwamba mikono ya mke wangu michafu, ndiye kamharibu. Alilia, nikamwangalia tu.

Kisha, mteremko wa kuingilia Soga, mbuzi akakatiza. Nikashika breki, vidole havikufunga. Nikaanguka, nikavunjika mtulinga, huu mfupa wa begani.

Hospitali daktari akanichoma sindano kidoleni, mke wangu kasimama pale. "Unasikia?" Sisikii. "Tangu lini?" Ndugu zangu, nawaambia, ningeweza kusema tangu nianguke. Nikasema, "Tangu masika, kabla ng'ombe hajaugua." Mke wangu akaitazama mikono yangu, akatoka nje.

Jioni alirudi na uji. Dada zangu niliwaita, nikawaambia ukweli.

Namshukuru jirani aliyenibebea maziwa mpaka nikapona, na fundi aliyenifungia usukani ulionyooka, akaupandisha juu. Vidole vya kushoto vimerudi, vya kulia bado. Ukienda kuchagua, ikalie na mzigo wako, na mwili ukikataa usibishane nao. Ukiumwa, sema, usimtwike mwenzako.

Siku hizi mke wangu anakamua, mimi nashika kamba ya ndama. Ila yule ng'ombe aliyepewa na mama yake, mke wangu hanipi ruhusa nimsogelee, nami sijaiomba.