Sahihi Hamsini za Arlys

Benchi letu liko ndani ya ofisi ya ghala la nafaka, hapa Kvale, Dakota Kusini, ubavuni mwa birika la kahawa chungu na ya bure, kwa hiyo hatulalamiki. Mwezi huu wa Machi theluji bado ipo, shambani hakuna la kufanya, na sisi wazee tunabaki na kazi moja tu: kumsema Arlys Tvedt, mjumbe wetu kwenye bunge la jimbo. Ana miaka kumi na sita kule. Kabla ya hapo aliendesha basi la shule. Leo saa kumi na moja jioni ndiyo mwisho wa kupeleka sahihi hamsini za wapiga kura ili agombee tena. Asipopeleka, kiti kinakwenda kwa tajiri mmoja wa maziwa ambaye zake ameshapeleka.

Aliyeanza ni Breki, tunayemwita hivyo kwa sababu trekta lake halina.

— Huyu mama alipandisha kodi ya mafuta. Hilo mimi silisahau.

— Na changarawe ya barabara ya kwako ilimwagwa na nani, malaika?

Huyo ni Delmar, Profesa wetu, anayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Profesa. Ndiyo maana mashimo bado yapo.

Hatukuelewa, ila tulitikisa vichwa. Profesa akadai ile kodi ilikuwa ngazi ya kupandia ugavana. Breki akakataa: mbona alipiga kura shule ndogo ziunganishwe, yetu ikiwemo? Anataka jengo liwe gereza. Nikaongeza kwamba wafungwa wataletwa kutoka Nebraska. Ukweli tunaujua, na unauma. Shule ilibaki na watoto kumi na mmoja, na kabla ya kupiga kura Arlys alikuja kutuambia mwenyewe, macho mekundu. Na nyumba ya wazee anakotunzwa mke wa Breki ingeshafungwa kama si yeye kuipigania.

— Mkaidi, Breki akasema taratibu. Lakini mkaidi wetu.

Hapo akaingia Tess, daktari mpya wa mifugo, kujaza chupa yake kahawa. Akatusikiliza kidogo.

— Kwani wazee wangu, karatasi yake ya sahihi mlisaini lini?

Profesa akasema Januari, kama kawaida. Breki akasema alisaini hapa hapa, kwa kalamu ya Orrin. Kisha akaweka kikombe chini.

Orrin alikuwa mume wa Arlys. Kila uchaguzi yeye ndiye aliyeizungusha ile karatasi, maana Arlys anaweza kubishana na gavana, ila kumwomba jirani kitu hawezi. Orrin tulimzika Oktoba iliyopita. Jeneza tulibeba sisi.

Ilikuwa saa tisa kasoro robo alasiri. Kumbe mwaka huu hakuna aliyetuletea karatasi. Breki akavaa kofia yake.

— Nikisaini, msidhani nimeisamehe ile kodi, akasema, akatangulia kwenda kumgongea Arlys mlango.