Mama Magamba, Aliyewapa Nguruwe Likizo

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, kabla ya yote familia inawaomba radhi, kwa kuwa ilimtafuta msomaji mwenye sauti nzito na uso wa heshima, haikumpata, ikabidi imkubali mdogo wa marehemu, mtu aliyeumaliza ujana wake jukwaani akichekesha watu kwa kujiangusha, tena aliyekuwa safarini na kundi lake karibu kila jambo muhimu lilipotokea nyumbani, kwa hiyo pakiharibika mahali vumilieni, maneno ni mazuri, ila mdomo ndio huu.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Magamba, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, katika chumba cha uani cha nyumba iliyopakana na ukuta wa kiwanda cha minofu ya samaki, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mlinzi wa lango na mama mshonaji, na mama alipenda kusimulia kwamba asubuhi hiyo mvuke wa kiwandani uliingia dirishani mweupe kama pamba, ukatanda kitandani, hata mkunga akawa anampapasa mtoto bila kumwona, akiuliza, "Jamani, huyu ameshazaliwa, au bado tunamngoja?"

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza mwaka 1975, na huko alisifika kwa mambo mawili, hesabu na usingizi, kwani dirisha la darasa lake lilitazama shimo ambamo kiwanda kilimwaga vichwa, miba na matumbo ya samaki, naye alikuwa akilitazama mpaka kope zinamlemea, kisha anaota, kalamu ikiwa bado mkononi, kwamba shimo limejaa maji matulivu na ndani yake nguruwe wanaogelea taratibu, wameota mapezi, wanang'aa kama vijiko vipya, na siku mwalimu alipogonga meza na kumtaka jibu aliruka akasema, "Mwalimu, walikuwa saba!", na bahati ikamwangukia, jibu lilikuwa saba.

Tarehe 6 Februari 1978 aliajiriwa kiwandani, kwenye meza ya kukatia vichwa, ambako minofu huondoka kwenda kwenye barafu kama bibi harusi na kinachobaki husukumwa kwa ufagio, na tangu hapo magamba ya samaki yakawa ndiyo mapambo yake, yalimganda kwenye nyusi, kwenye shingo, hata kwenye mto wa kulalia, ukiingia chumbani kwake taa inawaka ungedhani nyota zimeshuka kupanga chumba. Ile ndoto ya darasani haikumtoka, na mwaka 1984 alimwomba msimamizi ruhusa ya kuchukua mabaki, msimamizi akamjibu, "Chukua, mama, na shimo lenyewe ukiweza kulibeba, beba," basi akanunua nguruwe jike mweusi, sikio moja limechanika, akamwita Bi Mkubwa, akasimika pipa uani, akawa kila jioni anachemsha vichwa na miba mpaka vinalainika, anaanika juu ya mabati, anatwanga, anachanganya kwenye pumba, na watoto wa Bi Mkubwa wakanenepa kama watu waliopandishwa cheo.

Furaha hiyo haikufika mbali, kwa sababu Jumapili moja muuza nyama wa barabara ya pili, ambaye alikuwa amenunua nguruwe wa kwanza, alifika mlangoni na paja zima limefungwa kwenye gazeti, akasema kwa sauti iliyowatoa majirani wote nje, "Dada, uliniuzia nguruwe au kambare mwenye miguu? Wateja wananiuliza kama nimehamia soko la samaki!", na tangu siku hiyo mtaa mzima ukawa unasema kwamba nguruwe wa Mama Magamba hawachinjwi, wanavuliwa kwa ndoana, naye marehemu akatahayari mpaka akawa anapita njia ya nyuma, na hakutaka kitu kingine duniani ila hiki kimoja, siku moja mtu ale nyama yake ashibe, asijue kabisa mnyama alikula nini.

Alikwenda kwa bwana mifugo, akaelezwa kosa lake bila kufichwa, kwamba harufu inakaa kwenye mafuta, kwa hiyo ayaengue yote kwa upawa pipa linapochemka, kwamba samaki kwa nguruwe ni kama chumvi kwenye mchuzi, kiganja kimoja kwa ndoo ya pumba kinatosha, na kwamba wiki kadhaa kabla ya kuchinjwa mnyama aachishwe samaki kabisa, ale pumba na majani tu, mpaka harufu imtoke mwilini, na kipindi hicho marehemu akakipa jina lake mwenyewe, akakiita likizo, ukimuuliza yule mwenye madoa vipi, anakwambia, "Huyo yuko likizo," na jirani aliposhangaa ni likizo gani hii watu hawarudi, alimjibu, "Ni tamu mno, mwenzangu, hakuna aliyewahi kurudi kulalamika."

Muuza nyama aliitwa kuonja, akala, macho juu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha akatamka, "Sisikii samaki," marehemu akamuuliza, "Umetafuna vizuri?", naye akasema, "Niongeze, ili nihakikishe," akaendelea kuhakikisha Jumapili hadi Jumapili, mpaka tarehe 14 Juni 1986 walipofunga ndoa, mtu aliyekuja kurudisha paja akaacha moyo, na bibi harusi alipoinamisha kichwa, magamba mawili matatu yalidondoka kutoka kwenye nywele zake, yakaelea kwenye mwanga wa dirisha kama hayana haraka ya kufika chini.

Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1987, ambaye sasa ni fundi wa majokofu, na kijana mwaka 1991, ambaye ni dereva wa lori, nao walikua wakijua maana moja tu ya neno likizo, hata binti alipokuwa darasa la kwanza na mwalimu akatangaza kwa furaha kwamba kesho wote wanakwenda likizo, alilia njia nzima mpaka nyumbani, akamkumbatia mama yake akisema, "Mama, mimi bado sijanenepa!"

Machi mwaka jana marehemu alianza kuchoka, kifua kikawa kizito, na baada ya matibabu ya nyumbani na hospitali alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, ambako muuguzi alimwogesha akakuta gamba moja nyuma ya sikio, ingawa kiwandani alikuwa amestaafu kitambo, naye akawa anasema kwa upole kwamba wodi imejaa mvuke, kwamba wale saba wanapita chini ya kitanda wakiogelea, na kwamba Bi Mkubwa yuko mbele. Alimwita mdogo wake, akamwambia, "Wewe mchekeshaji, wale watatu walioko bandani, usisahau likizo," naye akajibu, "Dada, niachie mimi." Siku ya mwisho alimgeukia mumewe, akamuuliza, "Ndiyo naenda likizo?", na shemeji, ambaye hajawahi kukosa neno mbele ya mteja, alitazama dirisha kwanza, kisha akasema, "Nenda, mke wangu, hakuna aliyewahi kurudi kulalamika," akamshika mkono hadi asubuhi ya tarehe 11 mwezi huu, alipotutoka. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa meza ya vichwa, bwana mifugo, na majirani waliovumilia pipa lile miaka yote bila kuhama, ingawa wawili walijaribu.

Pumzika kwa amani, dada, mvuke umetawanyika, maji ni matulivu. Nanyi waombolezaji mnakaribishwa chakula baada ya mazishi, nyama ni ya wale watatu wa bandani, na mkisikia samaki mdomoni, tafadhali, jina la Mama Magamba lisiguswe, yeye aliagiza likizo, ila aliyeachiwa ndoo alidhani aliye likizo ndiye wa kulishwa vizuri, akawaongezea samaki, na maana ya neno hilo ameielewa jana tu, alipokuwa akiandika historia hii kwa kusimuliwa na shemeji, nyama ikiwa tayari sufuriani.