Njoo na Anayekupikia

Ndugu zangu, wa kanisani na wa msikitini, amani ya Mungu iwe kwenu nyote. Asanteni kwa kunipa kiti, maana mguu huu wa kulia bado haupendi kusimama muda mrefu. Na maneno yakitoka polepole, nivumilieni. Ulimi nao unajifunza upya.

Presha yangu iligundulika hapahapa, siku binti yetu, mhudumu wa afya, alipokuja na mashine yake baada ya ibada. Nilijipanga mstari ili niwe mfano, mimi mzee wa kanisa. Sikuwa naumwa chochote. Binti akanipima, akanipima tena.

"Mzee wangu, mara ya mwisho ulipima lini?"

"Sijawahi tangu nizaliwe."

Mlicheka. Yeye hakucheka.

Zahanati wakanipa vidonge, nami nikaanza kuhudhuria mafunzo haya ya presha ya Jumamosi. Nawaambia, nilikuwa mwanafunzi mzuri. Vidonge nilimeza kila asubuhi baada ya sala. Nyumbani nilimwambia mke wangu, mama yenu, "Kuanzia leo chumvi isionekane humu." Kopo la chumvi akampa jirani siku ileile. Mnakumbuka nilivyosimama hapa nikajisifu kwamba chumvi nimeiacha kama Waisraeli walivyoiacha Misri? Na wale mliokiri kwamba mmeshindwa, niliwakemea. Naomba mnisamehe kwa hilo.

Kwa maana kila nikipimwa, namba ilikuwa palepale juu. Binti akaniuliza kama vidonge nameza kweli. Nikaona ananidhania uongo, nikanuna.

Kuna neno alilotuambia tangu siku ya kwanza: kila mtu aje na anayempikia. Wengine mlikuja na wake zenu, wengine na wakwe zenu. Mimi nilikuja peke yangu. Aliponiuliza, nikajibu, "Mama ana kuku na mbuzi wa kuangalia. Nitamfikishia." Na nilimfikishia nini? Neno moja tu, chumvi. Binti alitaja na magadi, yale ya kulainishia mboga, nakumbuka sasa, ila sikio langu liliyapita. Magadi kwangu yalikuwa mambo ya akina mama na soko lao. Sisi tuliolelewa zamani, mwanamume akikaa jikoni anachekwa. Miaka arobaini na mbili nimekula mlenda wa yule mama, wala sijui unapikwaje.

Basi asubuhi moja nilikuwa napura alizeti uani. Fimbo ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, mkono haukuitika. Nikataka kumwita mama yenu, na jina lake halikutoka. Ndugu zangu, jina nililoliita tangu ujana wangu lilikuwa hapa kooni, halitoki.

Akatoka mwenyewe, akaona mdomo wangu umekwenda upande. Hakupiga kelele. Alikimbia kwa jirani mwenye pikipiki, wakanipakia katikati, akanifunga kwa kanga yake nisianguke, akanishika kutoka nyuma hadi hospitali. Njia nzima alikuwa ananong'ona zaburi sikioni mwangu. Pale alipokosea sikuweza kumsahihisha, na wenyewe mnajua nilivyozoea kumsahihisha.

Mungu akanirudisha nyumbani. Lakini daktari alisema wazi: presha isiposhuka, kiharusi kitarudi, na kikirudi kinaweza kuondoka na sauti yote.

Wiki ile binti wa afya akaja kututembelea. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka nje ya mlango wa jiko, nasikia kila kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Karibu, ila humu kuna moshi."

"Nimeuzoea. Tunapika nini?"

"Mlenda. Mzee wako mboga nyingine hazioni."

"Chumvi je?"

"Chumvi tuliifukuza zamani. Haya ni magadi tu."

"Unatia kiasi gani, mama?"

"Kwanza nilikuwa natia kidogo, ya kulainishia. Ila tangu chumvi iondoke, mzee akawa anasukuma sahani. Nikaona niongeze magadi, apate hamu ya kula."

Kisha binti akasema kwa upole, "Mama, magadi na chumvi ni ndugu. Kwa mwenye presha, madhara ni yaleyale."

Nikasikia mwiko umewekwa chini. Mama yenu akatoka, akakaa kando yangu, akajifunika uso kwa kanga. "Kumbe nimekuwa nikikuumiza kwa mkono wangu," akasema.

Wakati ule nilikuwa natoa sauti tu, si maneno. Nikajipiga kifua kwa mkono mzima.

"Unataka nini? Maji?"

Nikatikisa kichwa. Nikahangaika mpaka jasho likanitoka, naye akanisubiri. Mwisho likatoka: "Sikukuleta."

Akafunua uso, akanitazama. "Ni kweli," akasema. "Hukunileta." Akanifuta jasho kwa upindo wa kanga ileile.

Jumamosi iliyofuata alikuja hapa, mimi nikabaki kwenye mkeka. Mlenda wa kwanza usio na magadi haukuteleza. Nikamwambia, neno mojamoja, kwamba haya ni majani ya mbuzi. Akajibu, "Basi kula, beberu wangu." Sasa anauchemsha zaidi, anatia karanga za kusaga na nyanya, nami nakaa jikoni nikichambua majani kwa mkono huu dhaifu. Majirani wamecheka wakachoka. Vidonge naendelea navyo, na namba imeshuka, imetulia.

Namshukuru binti yetu, aliyeingia jikoni mahali mimi sikuingia. Namshukuru jirani wa pikipiki. Nanyi nyote mliokuja kunipuria alizeti yangu ikaisha, Mungu awakumbuke. Somo langu ni dogo. Usije hapa peke yako ukajiona mwanafunzi mzuri. Mafunzo haya yanaishia kwenye chungu, na mwenye chungu awepo.

Mama yenu ameketi pale mbele. Amenikataza kumtaja, nami namtii. Lakini jueni kwamba jina lake sasa linatoka vizuri. Naliita kila asubuhi, kabla ya vidonge, nione kama bado lipo. Naye huitika.