Ordgar Mwana wa Sigeric, Aliyeandikwa Ngomeni kwa Jina la Rojeri

Padri wetu, Bwana Drogo mkuu wa ngome pamoja na askari wako mliosimama mlangoni, ndugu, jamaa na majirani wa Haselby, mimi ni Wistan, kaka wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusema habari za maisha yake, nami nitasema polepole ili karani wa Bwana Drogo apate kutafsiri, kwa maana aliyekuwa akitufanyia kazi hiyo ndiye huyu aliyelala hapa mbele yetu.

Marehemu Ordgar alizaliwa hapa Haselby siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba 1047, siku ya kuchinja nguruwe, akiwa mtoto wa pili wa mhunzi Sigeric na mama Wulfrun binti Kola wa Thornwick, wote Waingereza, wazazi wa wazazi wao Waingereza, na ninaomba iandikwe hivyo hivyo, kwa kuwa sheria ya mfalme inasema mtu akiokotwa ameuawa, na ndugu wa pande zote mbili wasipoapa kwamba ni Mwingereza, atahesabiwa kuwa Mnormani, mtu wa taifa la Bwana Drogo linalotutawala, na wilaya nzima itatozwa faini, isipokuwa imtoe muuaji ndani ya siku tano, na leo ni siku ya tano. Faini hiyo tunaifahamu, vijiji vya ng'ambo ya mto vilitozwa mwaka juzi, wakachukuliwa maksai wa kulimia, na Kwaresima ilipofika watu walikuwa wakichemsha magome ya miti.

Kwa upande wa baba nimesimama mimi na baba mdogo Thurgar, kwa upande wa mama amesimama mama mdogo Eadgifu, ambaye ndiye aliyempokea marehemu mikononi siku aliyozaliwa, miguu yake haimudu tena lakini amesimama, na sote watatu tumeweka mikono juu ya masalia ya mtakatifu na kuapa. Bwana Drogo, nasema kwa heshima, kitabu chako kinamtaja Rojeri, jina mlilompa wenyewe kwa kuwa Ordgar lilikuwa likiwakwama kooni, umekula naye meza moja miaka kumi na mmoja, unajua vema alikuwa nani, ila sheria haiulizi unachojua wewe, inauliza tunachoweza kuapa sisi.

Kuhusu elimu, alifundishwa herufi na padri kwa majira mawili ya baridi, kisha vuli ya mwaka 1066 baba aliitwa kwenye jeshi la mfalme wetu wa zamani na hakurudi, na mwaka 1068 ngome ilipoanza kujengwa nyumba kumi na saba zilibomolewa, yetu ikiwemo, nasi tukabebeshwa udongo kwa vikapu kuinua kilima cha ngome pale pale palipokuwa na jiko la mama. Huko kwenye vikapu ndiko alikojifunza Kifaransa, lugha ya ngomeni, neno la kwanza likiwa "haraka", na mwaka 1072 akafanywa mkalimani.

Karani amefunga kitabu, ameandika Mwingereza. Tunashukuru. Padri, naomba tunyamaze kidogo mpaka farasi wa Bwana Drogo na watu wake wavuke daraja.

Sasa nasema na ninyi peke yenu, na sitasema polepole.

Marehemu alifunga ndoa na Leofrun tarehe 3 Mei 1073, wakajaliwa watoto watatu, wawili tumewazika, na aliyebaki ni Aldith, mwenye miaka tisa, ambaye tangu 1079 anaishi ngomeni, wanasema anafundishwa kushona, lakini Ordgar aliambiwa wazi kwamba siku atakayotoroka au kutafsiri uongo, mtoto ndiye atakayelipa. Hayupo hapa leo, na karani ametuambia atabaki huko huko. Ndiyo maana maneno ya kuwatoa katika mashamba yenu yalipita kinywani mwa ndugu yangu, nanyi mkamchukia, watoto wenu wakamwimbia njiani, kwa kuwa alinyolewa kisogo kama Wanormani, "Rojeri, Rojeri, nani kakunyoa kisogo?" na mimi nilipotaka kuwafukuza akaniambia, "Waache, kaka, wakiniimba mimi hawamwimbi Drogo."

Hata hivyo Toki aliponyang'anywa kinu chake cha kusagia nafaka na kumwambia Bwana Drogo mbele yetu sote, "Mbwa wewe, kalale na nguruwe wenzio," Ordgar alitafsiri bila kupepesa macho kwamba Toki anamwombea bwana afya njema, Drogo akampa Toki mkono, nasi tukauma midomo tusicheke, na wengi mlicheka hadi nyumbani bila kufikiri kwamba alikuwa ameweka shingo ya binti yake rehani.

Hakuugua. Tarehe 3 Oktoba mwaka huu, 1083, alasiri, alipigwa shoka kisogoni pale kwenye kivuko, akiwa ameketi, mkate wake umemegwa nusu mbili, kwa hiyo alikuwa anakula na mtu anayemfahamu. Wazee walisema mjumbe hauawi, lakini yeye ameuawa. Shoka liliachwa majini, na Leofrun alilitambua kuwa la mmoja wetu hapa kijijini.

Tungeweza kutaja jina mchana huu. Nililala nalo mdomoni siku nne, naona uchungu hadi sasa, lakini Leofrun aliniambia, "Shemeji, ukimtaja watamnyonga, watachoma nyumba yake, halafu watamtaka na aliyemnolea shoka, na mimi nitakuwa nimewapa mlango wa kuingia kila nyumba." Basi tumeapa kwamba ni Mwingereza, na kwa kiapo hicho ngome haitauliza tena nani alimuua, wala sisi hatutadai fidia ya damu.

Familia inamshukuru padri, mama mdogo Eadgifu, akina mama waliomwosha, waliochimba kaburi, pamoja na wanaume wanne watakaobeba machela. Mmoja wenu anajua kwamba tunajua. Hatukukuondoa kwenye orodha, kwa sababu ungekosekana watu wangeuliza, na ngome ina masikio. Shika upande wako vizuri, njia ya makaburini inateleza, na Leofrun anatembea nyuma yako.

Ordgar mwana wa Sigeric, Mwingereza, lala bila hofu, hofu tumebaki nayo sisi.