Saa Elfu Moja za Mjomba

Wazee wetu, mama zangu, majirani na nyote mliokuja kutufariji, familia imenituma mimi, mtoto wa dada yake, niwasomee maisha ya mjomba, na kwa kuwa sijazoea kusimama mbele ya watu, naomba mnivumilie.

Mjomba alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa nne wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1974, akamaliza sekondari mwaka 1984, akapata stashahada ya kemia mwaka 1988, akaajiriwa katika kiwanda cha rangi, na mwaka 2013 akahamia maabara ya chuo kikuu. Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na mkaza mjomba wetu, mshonaji, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Kazi yake maabara ilikuwa kuchagua plastiki ya kulinda seli za jua za aina mpya, ziitwazo perovskaiti, ambazo ni nyembamba kuliko unywele na zinatoa umeme mwingi, lakini zikiingiwa na unyevu zinageuka kutoka nyeusi kuwa njano, na zikishakuwa njano, basi tena. Mwezi Juni 2017 alipaka seli thelathini plastiki moja angavu kama kioo, akasahau kuuliza imeyeyushwa kwa kimiminika gani, kumbe kile kimiminika kinayeyusha na seli zenyewe, zote zikawa njano mbele ya macho yake. Hakumsingizia mtu, aliandika ubaoni, "Kosa ni langu," wenzake wakambandika jina la Mzee Njano, naye akawa analiitikia huku akicheka, ila tangu siku hiyo kila aliyemletea plastiki mpya aliulizwa kwanza, "Hii imeyeyushwa na nini, bwana?"

Mimi niliishia darasa la saba, lakini lebo za chupa zake aliniita niandike mimi, akisema, "Mwandiko wangu hata kuku angeukana, mwanangu, wewe huruki herufi."

Novemba 2023 figo zilianza kumsumbua. Tarehe 29 Februari 2024, saa kumi jioni, akiwa ametoka kusafishwa damu, aliweka seli nambari 212 kwenye sanduku la joto na mvuke, ikae humo saa elfu moja, maana hakuna plastiki yake iliyowahi kufika huko. Kila nilipompelekea chai hospitali aliniuliza kabla hata sijamwamkia, "Bado nyeusi?" Alifariki Jumanne, tarehe 9 Aprili, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki saa arobaini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliotuletea viti na maji, na wenzake wa maabara, mliopokezana zamu kuilinda ile seli bila kuombwa, na jana saa mbili asubuhi mkanipigia simu nije niione mwenyewe.

Mjomba, nimeiona. Bado nyeusi. Sasa pumzika, baba, pumzika kwa amani.