Miaka Thelathini na Mitatu ya Wimbo wa Tisa

Leo Ijumaa, tarehe 30 Septemba, fundi umeme wa kiwanda chetu cha kushona sare anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi mitatu. Ile miezi mitatu haikuwa kwenye mkataba. Aliiomba mwenyewe kwa barua ya mistari miwili. Sababu yake tutaifikia, maana bila sababu hiyo wasifu huu ungechapwa mwezi Juni, na sisi tungekula keki huku tuko hatarini wala hatujui.

Kwenye mashine za kushonea wanamwita Mjomba Wasiwasi. Hakuna aliyewahi kulitamka jina hilo kwa dharau. Hata meneja aliwahi kuliandika kwenye fomu ya likizo, halafu akalikata kwa wino mwekundu. Huyu ni mtu ambaye kabla ya kufungua mlango hugusa kitasa kwa mgongo wa mkono, apime kama upande wa pili kuna moto. Hufanya hivyo hata mlango wa chooni. Ukimpelekea chai karibu na kompyuta yake, huipokea, hukushukuru, kisha huibeba mpaka mwisho wa korido na kuinywa akiwa amesimama.

Kwa wageni wetu: jengo hili lina ghorofa tatu na ngazi moja tu. Ghorofa ya juu kuna cherehani, ya kati kuna vifungo, pasi na ofisi, na chini kuna stoo. Wafanyakazi ni zaidi ya mia tatu na hamsini. Vitambaa viko kila mahali. Msomaji anaweza kujumlisha mwenyewe.

Mjomba alipoajiriwa, kulikuwa na kengele ya moto. Mwaka wake wa kwanza mvua iliingia kwenye nyaya na kengele ikajipiga yenyewe. Watu wote wakaielekea ngazi moja kwa wakati mmoja. Binti mmoja wa kitengo cha vifungo, aliyekuwa na miaka ishirini, alianguka kwenye kona, na waliokuwa nyuma hawakuwa na pa kukanyaga ila mguuni pake. Moto haukuwepo. Kengele ilitengenezwa wiki ileile. Mguu haukupona sawasawa mpaka leo, na mwenye mguu huo ndiye Mama Vifungo, mkuu wa kitengo hicho.

Baada ya siku ile tuliiogopa kengele kuliko moto. Ikilia kwa majaribio tu, ungeona macho ya watu yakiipima ngazi, kisha yakipimana yenyewe kwa yenyewe, nani yuko karibu zaidi.

Sasa, nyumbani kwake Mjomba alikuwa na maradhi yasiyo na dawa: kompyuta kuukuu. Si hizi za mezani tunazozijua. Ni zile ambazo kibodi na ubongo vimo ndani ya gamba moja, unazichomeka kwenye televisheni, na programu unazisomesha kutoka kwenye kaseti huku zikipiga kelele kama sufuria linalokwanguliwa. Moja aliiokota kwa muuza vyuma chakavu. Bila kufundishwa na mtu, akaiandikia programu ya kucheza muziki. Chipu ya sauti iliweza kutoa sauti tatu tu kwa pamoja, basi naye akajifunza kuridhika na tatu.

Akamwendea meneja wa wakati huo na ombi: kompyuta ipige nyimbo saa ya mapumziko kupitia spika za kiwanda, na moto ukitokea, badala ya kengele, upigwe wimbo maalumu wa kutokea nje. Meneja alicheka mpaka akavua miwani. "Kwa hiyo moto ukija, uje na bendi?" Mjomba hakucheka. Alisema moto unaweza kuja na chochote, anachoogopa yeye ni watu kuja na mbio. Akaruhusiwa kujaribu.

Hivyo ndivyo tulivyopata nyimbo nane za mapumziko na Wimbo wa Tisa. Wa Tisa ni wa kubembelezea mtoto. Mama yake Mjomba alikuwa akiuimba, naye akaugawa kwa sauti tatu. Sharti lake lilikuwa moja: wimbo huo haupigwi kwa starehe, wala hauimbwi kiwandani, wala mtu asiupigie mluzi. Aliyewahi kujisahau akaupigia mluzi huku anapindisha kola aliona meza nzima ikiinuka na kuanza kupanga foleni. Aliomba radhi kwa siku tatu.

Kila badiliko la kicheza muziki chake liliandikwa kwenye daftari moja lenye jalada la kijani. Tumeruhusiwa kunukuu. "Toleo la 3: wimbo haurudii ubeti wa pili bila kuombwa." "Toleo la 6: mende alikutwa ndani. Ametolewa. Tundu limezibwa." "Toleo la 9: jina la wimbo sasa linaonekana kwenye skrini, ingawa hakuna anayeitazama skrini isipokuwa mimi." Kuanzia hapo alianza kuwatumia wengine kaseti zake kwa posta, maana huko duniani wamo watu wenye maradhi kama yake. Waliomba michirizi ya rangi ichezecheze kwenye skrini, akawawekea. Waliomba ngoma, akapunguza sauti moja, akawawekea ngoma. Ya kwetu hakuitia rangi. Alisema kitu kikipendeza watu hukichezea.

Tatizo lilikuwa majaribio. Nyimbo nane unaweza kuzijaribu popote. Wa Tisa ukiujaribu kazini, jengo linatoka. Kwa hiyo kila toleo jipya aliujaribu nyumbani kwenye kompyuta ya pili, na familia ilipangwa foleni mpaka barabarani. Mkewe ametuambia kwa kinywa chake: "Nyumba hii nimeitoka mara nyingi kuliko nilivyoiingia."

Miaka kumi na tisa iliyopita alileta Toleo la 14. Maboresho yalikuwa mazuri: kila wimbo ungebeba mwendo wake wenyewe, na kaseti ingesomeka kwa nusu ya muda. Aliliweka asubuhi saa moja. Wiki ile kompyuta ya nyumbani ilikuwa imekufa, kwa hiyo Wa Tisa haukujaribiwa. Alimwambia karani wa mahudhurio kwamba jioni angerudisha toleo la zamani.

Saa tano moshi ukatoka chumba cha pasi.

Chumba cha Mjomba, chenye kompyuta ya nyimbo, hakina dirisha. Kiko ghorofa ya kati, milango miwili kutoka pasi. Wakati huo wimbo ukifika mwisho ulinyamaza, na ilibidi mtu aubonyeze tena, kwa hiyo mwenye kubonyeza habanduki. Alibonyeza tisa. Wimbo ukatoka, lakini si ule anaoujua. Ulitoka kwa nusu ya mwendo wake, mzito, unajikokota. Alikuwa amesahau kuupa Wa Tisa namba ya mwendo, na programu isipopata namba huchukua mwendo wa chini kabisa. Hakuwa na la kufanya. Kuusimamisha ilikuwa kuwaacha watu na ukimya na moshi.

Huku nje ya chumba chake lilitokea jambo ambalo yeye hakuliona. Miguu ya watu ilifuata wimbo. Ilikuwa vigumu kukimbia ndani ya mdundo ule. Aliyejaribu alimgonga wa mbele na kuona haya. Wanawake walishikana mabega. Mtu alikuwa analia, lakini alilia huku anatembea. Tulishuka ngazi ile moja tukiwa tumefunika pua kwa vipande vya sare, na kwenye kona ambapo mguu ulivunjika hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mjomba aliubonyeza wimbo mara tatu. Zimamoto walimkuta chini ya meza, kitambaa kibichi usoni, mkono mmoja juu kwenye kibodi.

Chumba cha pasi kiliteketea. Watu wote walitoka.

Kwenye mkutano meneja alimsifu kwa hekima ya kupunguza mwendo wa wimbo. Mtu mwingine angeinamisha kichwa akapokea. Mjomba alisimama akasema halikuwa wazo, lilikuwa kosa, na kwamba hajalala vizuri tangu siku ile. Kisha akaandika kwenye daftari: "Toleo la 14: Wa Tisa unakwenda polepole kwa kosa langu. Kosa hili lisiguswe." Baadaye mpenzi mmoja wa kompyuta kuukuu kutoka mbali alimtumia sahihisho, na maelezo ya heshima kurasa nne. Mjomba alimshukuru, akalitia kwenye toleo la watu wa nje. Letu likabaki na ugonjwa wake. Afisa wa zimamoto alipokuja kukagua hakuona kwenye fomu pa kuandika kitu kama hicho. Aliusikiliza mara mbili, akaandika "kifaa cha sauti", akatia sahihi.

Sasa tufike Juni. Mrithi wake ni fundi umeme mwenzetu tunayemwita Koleo, kwa sababu chombo hicho hakimtoki mfukoni hata siku za harusi. Mjomba alimfundisha mwaka mzima. Zoezi la mwisho la kutoka lilipangwa, Koleo abonyeze, na Mjomba kwa mara ya kwanza awe juu kwenye cherehani, ausikie wimbo kama tunavyousikia sisi.

Ilipofika saa nne kamili, watu walizima mashine na kuweka mikono juu ya meza. Hakikutoka kitu. Dakika ya kwanza tulitabasamu. Ya pili hakuna aliyetabasamu. Spika zilikuwa zinavuma kidogo, kama mtu anayetaka kusema. Mtu akanong'ona, "Jamani, na ingekuwa kweli?" Hapo ndipo tulipomwona Mjomba Wasiwasi akikimbia. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo.

Koleo alikuwa amebonyeza tisa, katikati ya kitufe, kama binadamu yeyote. Mjomba akabonyeza kona ya kushoto, wimbo ukatoka. Kitufe kile kilikuwa kimekufa katikati. Kidole chake kilikuwa kimejifunza kona bila kumwarifu mwenye kidole. Na kwa kuwa aliogopa zoezi lolote lifanyike yeye akiwa hayupo, hakuna mkono mwingine uliowahi kukigusa.

Alikaa sakafuni akafungua daftari. Kibodi ile aliibadilisha Toleo la 19, miaka kumi na moja iliyopita, kwa kuing'oa kwenye mashine nyingine iliyokufa, na yaelekea kitufe kilikuja nacho kibovu. Akaomba kitabu cha mahudhurio. Akahesabu siku zote ambazo tangu hapo hakuwepo kazini: likizo, homa, msiba wa baba yake. Zilikuwa siku mia mbili na kumi na nne. Siku zote hizo karani wa mahudhurio ndiye aliyeachiwa maagizo ya kubonyeza tisa, na siku zote hizo jengo hili halikuwa na wimbo. Karani aliposikia alitoka nje akakaa kwenye ukuta kwa muda, wala hakuna aliyemfuata kumwita. Alasiri ile Mjomba aliandika barua ya mistari miwili.

Toleo la 27 limechukua miezi hiyo mitatu. Maandishi yake kwenye daftari si ya Mjomba, ni ya Koleo, maana alimlazimisha aandike kila mstari kwa mkono wake. "Kitufe chochote kinapiga Wa Tisa, kikishikwa sekunde mbili. Wimbo unajirudia wenyewe. Anayebonyeza naye anatoka." Sentensi hiyo ya mwisho, anasema Koleo, ndiyo waliyobishania zaidi. Alimwuliza, "Mjomba, na wewe ulikuwa utoke lini?" Kesho yake Mjomba alikuja na kaseti tupu ya kunasia programu upya.

Jumanne wiki hii, saa nne kamili, Mjomba alisimama tena kwenye cherehani. Koleo alibonyeza kwa kiwiko, kusudi.

Wimbo ukatoka, kwa mwendo wetu.

Tukaanza kushuka. Mjomba hakusogea. Alikuwa ameishika meza ya kukatia kwa mikono yote miwili, na waliompita wanasema midomo yake ilikuwa myeupe. Mtu aliyetufundisha sote kutembea alikuwa amesahau inavyofanywa. Watu walipanga kumbeba. Lakini siku za mazoezi Mama Vifungo hupanda mpaka juu na kushuka wa mwisho, kwa sababu ya mguu, asimzuie mtu. Alimkuta hapo, akamshika kiwiko. "Twende, Mjomba. Usikimbie tu." Wakashuka wawili, ngazi kwa ngazi, yeye na mguu wake, yeye na woga wake, wimbo ukijirudia bila mkono wa mtu.

Nje wasimamizi walihesabu. Orodha ina watu mia tatu hamsini na mmoja, Koleo akiwemo. Wakapata mia tatu hamsini na wawili. Wakahesabu upya, wakapata ileile. Mara ya tatu waliita jina moja moja, na kila mwenye jina aliitika, na bado palikuwa na mtu mmoja zaidi uwanjani. Ilichukua muda kumtambua. Miaka thelathini na mitatu jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye orodha ya wanaotoka.

Sasa limeandikwa. Leo saa kumi alasiri wimbo utapigwa. Wageni, tafadhali msishtuke, fuateni aliye mbele yenu. Tutashuka sote, tutahesabiwa mia tatu hamsini na wawili, kisha sisi tutarudi ndani na yeye ataendelea mpaka getini.

Asante, Mjomba, kwa kuogopa kwa niaba yetu. Nenda kwa mwendo uleule. Tunakuombea siku njema na ndefu, na kila kitasa utakachokigusa ukikute cha baridi.